Sultani Asiyetangulia na Mlango wa Bi Mashavu

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema bali hii ya karibu kidogo, umeme ulipokuwa umekwisha kufika kwa mfalme na haujafika kwa watu, palikuwa na mji uitwao Mtakuja, na mfalme wake akiitwa Sultani Badawi. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu mtakayoyasikia yatawafanya mmuone mbaya, na mimi sipendi kumsengenya mtu aliyekwisha kufa.

Basi siku moja wageni wa ng'ambo walimletea zawadi ya sanduku la gemu pamoja na runinga pana kama meza ya kulia, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na mchezo mmoja tu, mchezo wa ngumi. Watu wawili huketi mkekani, kila mmoja na pedi yake ya vitufe mkononi, na kila mmoja humwongoza mpiganaji wake kwenye kioo. Juu ya kioo pana mistari miwili ya kijani, ndio uhai wao; mtu akipigwa mstari wake hufupika, na ukiisha ameanguka. Katikati pana hesabu inayoshuka kutoka tisini na tisa. Ikifika sifuri kengele hulia, na kama hakuna aliyempunguza mwenzake, pambano ni sare na huanza upya. Ni hayo tu. Sultani aliyajua yote kwa siku moja, na baada ya mwezi ikawa hapana mtu jumbani anayemfikia.

Sasa katika ukoo wa Sultani palikuwa na mila ya tangu babu zake, kwamba mfalme wa Mtakuja hatangulii kuinua mkono juu ya raia. Raia akitangulia, hapo mfalme ana ruhusa. Mila hiyo iliwekwa kwa ajili ya bakora, lakini Sultani Badawi, kwa kupenda mambo ya wazee, aliipeleka hadi kwenye gemu. Akawa hatangulii kupiga. Hukaa, hungoja, na mpinzani akirusha teke yeye hulikinga, na kabla mguu haujarudi chini amekwisha mtia ngumi tatu. Ujuzi wake wote ulikuwa huo wa kujibu, na wallahi alikuwa hodari.

Angeishia hapo tungemsifu. Lakini ushindi ulimnogea, akataka ukumbusho. Akaamuru kila nyumba, kwa zamu za mitaa, itoe mtu mmoja aje kucheza naye. Mtu huyo akishinda aombe alitakalo, akishindwa nyumba itoe mlango wake. Nanyi mnajua mlango kwa watu wa Mtakuja ni kitu gani. Mtu hula muhogo mkavu mwaka mzima ili apate mlango wa kuchonga, kisha humwita kila apitaye auone. Basi milango ikaingia jumbani mmoja baada ya mwingine, ikaegemezwa ukumbini, na huku mjini nyumba zikabaki zimetundikwa mikeka. Mbuzi wakawa huingia watakavyo. Mgeni akija hana pa kugonga. Husimama nje akigonga ukuta, na aliye ndani hasikii, na mgeni hurudi kwake amenuna.

Ikawa zamu imefika mtaa wa Bi Mashavu. Huyu alikuwa mjane wa Fundi Jongo, mchonga milango, na mlango wa nyumba yake ulikuwa kazi ya mwisho ya marehemu. Haukuisha. Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, palikuwa na ua lililochongwa nusu, maana hapo ndipo homa ilipomkuta. Kila asubuhi Bi Mashavu akifungua mlango huinama akapitisha kidole kwenye ua lile, kisha huenda kukanda unga wa maandazi yake ya kuuza.

Mwanamume wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, mdogo wake aitwaye Chubwa, naye hata ndani hakulala, alilala barazani. Chubwa hakuwa na kazi, hakuwa na mke, hakuwa na kanzu ya pili. Mji mzima ulimwita mpumbavu, naye aliitika. Alichokijua ni kukaa. Angeweza kukaa barazani tangu chai ya asubuhi hadi magharibi bila kugeuza ubavu, nzi akatua puani mwake na kuondoka kwa hiari yake mwenyewe.

Siku nne kabla ya zamu, dada yake alitoka akaketi karibu naye, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa kuwa kawaida yake ilikuwa kumkemea akiwa amesimama. Akasema, "Chubwa mdogo wangu, miaka yote hii sijakuomba hata kunichotea maji. Nakuomba mlango huu. Sina kingine chake."

Chubwa akaona haya, maana ilikuwa kweli. Akaogopa pia, maana hakuwahi kushika pedi maishani mwake. Akainuka barazani, na majirani walipomwona anatembea wakadhani kuna msiba.

Akaenda kwa walioshindwa, nyumba kwa nyumba, akiomba wamfundishe. Kila mmoja alikuwa na mbinu. Muuza nyama alisema dawa ya Sultani ni kasi, umvamie kabla hajavuta pumzi, na yeye angeshinda kama vidole vyake visingekuwa vinene. Mwalimu wa chuo alikuwa ameyaandika mapigo yote ya mchezo kwenye karatasi, akayahifadhi, akaangushwa akiwa bado analitafuta la saba. Mfua chuma alishikilia kwamba siri ni kuruka. Aliruka sana, alisema, na kila alipotua alitua juu ya ngumi. Chubwa akawasikiliza wote kwa adabu, kisha akawauliza jambo moja, nani alianza kupiga? Wakamcheka. Wakamwambia tulianza sisi, ewe mpumbavu, hujui kuwa Sultani hatangulii?

Siku ya tatu akaenda jumbani. Siku za mchezo madirisha ya ukumbi huachwa wazi ili raia waone na washangilie, basi akasimama dirishani pamoja na watu, ila wenziwe walitazama kioo na yeye alitazama vidole gumba vya Sultani. Aliporudi, dada yake akamuuliza ameona nini. Akajibu ameona vidole vinavyongoja. Bi Mashavu akarudi jikoni akalia kidogo, maana aliona mlango umekwisha kwenda.

Siku ya zamu ikafika. Mchezo ulikuwa baada ya sala ya adhuhuri na kabla ya chakula, kwa kuwa Sultani alipenda kumwangusha mtu mmoja au wawili ili apate hamu ya kula. Kwa desturi yake alikwisha kunywa madafu matatu. Chubwa hakuwa amekunywa kitu, na chakula chake cha mwisho kilikuwa andazi la jana. Karani akampa pedi akaanza kumweleza vitufe, hiki cha teke, hiki cha kuruka, hivi viwili pamoja hutoa moto. Chubwa akauliza cha kujikinga ni kipi na cha ngumi ni kipi. Alipoonyeshwa, akasema vilivyobaki havihitaji, asante.

Mpiga mbiu akasimama akasoma masharti kwa sauti, kama yalivyosomwa kila siku: "Sultani hamtangulii mtu. Mshindani ataanza atakapopenda. Wala hapana atakayeinuka mkekani mpaka mmoja wao ameanguka." Masharti hayo aliyaandika Sultani kwa mkono wake, na yalitiwa muhuri.

Kengele ikalia. Mpiganaji wa Sultani, kijana mwenye kishungi, akakaa tayari. Mpiganaji wa Chubwa, jitu moja nene alilolichagua kwa sababu lilionekana limetulia, nalo likakaa. Hesabu ikashuka kutoka tisini na tisa hadi sifuri. Sare. Ikaanza tena, ikashuka tena. Sare. Watu dirishani wakadhani pedi ya Chubwa imeharibika, karani akaja akaitazama, ilikuwa nzima.

Kwenye sare ya tano Sultani akasema, "Ewe Chubwa, unangoja nini?"

"Tangazo limesema nitaanza nitakapopenda, Seyyid," akajibu Chubwa. "Sijapenda bado."

Sultani akatabasamu, akaona ni upumbavu tu, utapita. Haukupita. Ikaja sare ya kumi, ikaja ya ishirini. Mpishi akachungulia akasema pilau iko tayari, na harufu ya bizari ikaingia ukumbini ikawazunguka wote. Kwa Chubwa njaa lilikuwa jambo alilolizoea. Sultani hakuwa amewahi kuchelewa chakula tangu kutahiriwa kwake, na tena yale madafu matatu yalikwisha kufika yanakofika. Akawa anajigeuza mkekani, akikaa upande huu, akikaa upande ule.

Hapo Waziri Mshamu, mtu wa hila ndogo ndogo, akamnong'oneza Sultani amwamuru tu huyu fukara aanze, basi. Sultani akamwamuru. Chubwa akainamisha kichwa, lakini kidole hakukitoa kwenye kinga. Akasema, "Nasikia na kutii, Seyyid. Ila ulikwisha kutia muhuri kuwa nianze nitakapopenda, na leo waniambia nianze utakapopenda wewe. Amri zote mbili ni zako. Niambie ipi niifanye ya uongo, nami nitaifanya mbele ya watu hawa."

Dirishani palikuwa na mtaa mzima. Sultani akawatazama, nao wakamtazama. Akasema mchezo uendelee.

Sasa msidhani Chubwa alikuwa ametulia kama alivyoonekana. Karibu na sare ya hamsini kidole chake cha ngumi kilianza kumwasha. Yule kijana wa kishungi alikuwa amesimama karibu kabisa, kifua wazi, na moyo ukawa unamwambia piga, mara moja tu, utampata. Hivyo hivyo ndivyo moyo ulivyomwambia muuza nyama. Akainua macho akamwona dada yake dirishani, mikono ina unga hadi viwikoni, ametoka mbio hata hakunawa. Chubwa akakumbuka lile ua la nusu, akakifumba kidole ndani ya kiganja, akakaa. Kukaa ndiyo kazi aliyokuwa ameifanyia mazoezi miaka arobaini, na hapakuwa na mwingine mjini mwenye ujuzi huo.

Alasiri ikawa inakaribia. Jasho likamtoka Sultani, na halikuwa la joto. Kuinuka hawezi, amejifunga mwenyewe. Kungoja hawezi, mwili umekataa. Na kushindwa kujizuia mbele ya raia, Mungu apishe mbali. Basi kwenye sare ya sitini na tatu, Sultani Badawi akavunja mila ya babu zake, akatangulia.

Akarusha teke. Lilikuwa teke la ovyo, kwa sababu mtu huyu aliyeyajibu mapigo ya mji mzima hakuwahi hata siku moja kujifunza kuanzisha lake. Jitu nene likakinga, mguu ukabaki hewani, Chubwa akabonyeza kile kitufe cha ngumi. Sultani akaghadhibika akarusha la pili. Kinga, ngumi. Likaja la tatu na la nne, kwa haraka zaidi na kwa ubovu zaidi, na kila moja likajibiwa hivyo hivyo, bila pupa, hadi mstari wa kijani ukaisha na kijana wa kishungi akalala chali. Sultani hakungoja hata kengele. Aliinuka akakimbia, kilemba kikabaki mkekani, na watu wa Mtakuja kwa adabu yao wakatazama pembeni.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, uso umelegea. Akaketi, akamgeukia Chubwa. Akamuuliza amejifunza wapi vita namna hii.

"Barazani kwa dada, Seyyid."

Sultani akacheka. Alicheka mpaka Waziri naye akaona bora acheke. Akasema kweli ameshindwa, na tena ameshindwa kwa silaha yake mwenyewe, sasa Chubwa aombe alitakalo. Watu wakamnong'oneza dirishani aombe nyumba, aombe ng'ombe, aombe kanzu walau. Chubwa akasema anaomba milango irudi yote, na Sultani afuatane nayo mwenyewe, kwa miguu, agonge kila mmoja ukishatiwa mahali pake ili mwenyewe ahakikishe kuwa unasikika.

Ikachukua siku sita. Sultani alitembea, akagonga, akakaribishwa, akanywa kahawa hata akachoka na kahawa, lakini madafu hakugusa. Siku ya mwisho akafika kwa Bi Mashavu, ambaye mlango wake haukutoka kamwe, akasema anataka tu kuuona mlango ulioupiga ufalme wake. Akauchungua juu hadi chini. Alipofika kwenye pembe akaona lile ua, akasema anaye fundi hodari jumbani, kesho atamleta aje alimalize.

Bi Mashavu akamwambia, "Liache hivyo hivyo, Seyyid. Hapo ndipo mkono wake ulipoishia. Fundi wako akilimaliza, mimi asubuhi nitashika wapi?"

Sultani akafikiri juu ya milango yote iliyosimama ukumbini mwake miezi ile, na pembe zake ambazo hakuzitazama hata moja, akaona aibu, si ile ya kukimbia bila kilemba, nyingine. Akaomba radhi kwa sauti ya chini, naye akasamehewa na kupewa andazi.

Chubwa wakati huo alikuwa amekwisha rudi barazani, amelala. Sultani akamwendea akamwomba waje wacheze tena, kwa urafiki, bila mlango wa mtu. Chubwa akafumbua jicho moja, akasema hajapenda bado. Basi Sultani akakunja kanzu yake, akaketi barazani pale pale kungoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza kujifunza mchezo ule tangu mwanzo. Mimi nilipopita niliwaacha wamekaa vile, na nzi juu ya pua ya Sultani, naye anajitahidi.