Mkeka wa Hakimu na Mwana wa Kanga

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa mkeka.
— Mkeka una nini?
— Umekunjwa.
— Ukunjue tukae!

Haya, kaeni. Hapo zamani za kale hakimu wa wanyama alikufa, na kanga mmoja, Mama Madoa, alikuwa na kesi. Moto wa nyika ulipokuja alikimbia, akamwacha kifaranga wake. Kwale akamwokota, akamlea ng'ambo ya kijito, akasema ni wake.

"Nilikimbia, kosa ni langu," Mama Madoa alikiri. "Lakini mwana ni wangu."

Wanyama wakasema mtoto akae aliko mpaka hakimu apatikane.

Basi kila jioni mama alisimama ukingoni, akaimba: "Wa madoa, wa madoa, mama yu ng'ambo!" Na mtoto akajibu: "Mama, njoo!"

Akateuliwa Nungunungu wa bondeni. Desturi yao, wa mlimani washike ncha moja ya mkeka, wa bondeni ncha ya pili, mteule aketi katikati. Hapo ndipo huwa hakimu.

"Aketi leo hii!" akasema Ngiri wa bondeni.

"Haraka ya nini?" akajibu Nyani wa mlimani. "Tumchunguze kwanza. Miiba yote ile ya nini?"

"Mwaka jana mteule alipotoka kwenu, mlitaka aketi kabla uji haujapoa!"

"Na nyinyi mkamngojesha mpaka akaota mvi, shemeji!"

Wakatawanyika. Jioni mama akaimba. Mtoto akajibu kwa mbali.

Wakakutana tena, wakatukanana tena, wakatawanyika tena. Mama akaimba. Mtoto akajibu neno moja tu: "Nakula."

Wakakutana mara ya tatu. Yale yale, jamani! Mama akaimba, akaimba, ee Mungu wangu. Kimya.

Asubuhi akawaendea. "Waungwana, mkeka umelala bure. Niazimeni nianike mtama wenu wa akiba."

Wakampa. Akaanika, akangoja mawingu. Yalipotanda akapiga yowe: "Mvua! Mtama wenu!"

Wa mlimani wakarukia ncha hii, wa bondeni ncha ile, wauinue. Mama Madoa akamnong'oneza Nungunungu: "Keti, baba." Akaketi, puu! juu ya mtama.

Wakatazamana. Mkeka umeshikwa, mteule ameketi. Nani aachie, mtama umwagike?

Nungunungu akahukumu palepale, mvua ikimnyeshea: mwana arudi kwa mamaye.

Mama akavuka kijito mbio, mabawa wazi. Akamkuta amekua, manyoya yametimia.

"Wa madoa!"

Mtoto akajificha nyuma ya Kwale. "Mama," akamwuliza Kwale, "huyu nani?"

Ng'ambo kule, Ngiri na Nyani walikuwa wakibishana nani alitangulia kushika mkeka. Mama Madoa akakaa chini, kwenye matope, akaanza kuimba upya, polepole.

Nami mkeka wangu naukunja hapa. Mwenye wake amkumbatie. Anayengoja, Mola amfikishe kabla sauti yake haijasahauliwa.