Pimbi, Shahada na Jembe la Mwalimu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na chuo!
Chuo cha nini?
Cha kukamata wezi!
Na mwenye chuo ni nani?
Eh, usimtaje, atasikia!

Nitamtaja. Alikuwa Fisi. Mnacheka? Chekeni, lakini nani anayemjua mwizi kuliko Fisi? Alifundisha nyayo, alifundisha ushahidi, alifundisha sheria, na alifundisha vizuri. Ada hakudai papo hapo. "Soma kwanza, utalipa ukila," alimwambia kila aliyebisha hodi, kisha akacheka, hi-hi-hiii!

Pimbi naye akaenda. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, hata mkia hana. Tangu utotoni alitaka kuwa askari, na mama yake alimpenda mno, hakuweza kumkatalia. Akaliweka pango lao rehani kwa Fisi, kwa ada ya gunia moja la mtama. Pimbi akasoma, akafaulu, akapewa shahada, akavishwa taji la majani, na mama akapiga vigelegele mpaka mwamba ukaitikia.

Akapata kazi ya kulinda ghala la kijiji. Mshahara wake ulikuwa pishi ya mtama kila mwezi unapoandama. Mwezi ukiandama, Pimbi analipwa. Pimbi akilipwa, ngo ngo ngo, Fisi yuko mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanafunzi wangu. Naona umekula."

"Bado sijala, Mwalimu."

"Vyema, basi usijisumbue."

Anaibeba pishi, anakwenda zake. Mwezi ukaandama tena. Pimbi akalipwa. Ngo ngo ngo!

"Mwalimu, deni limebaki kiasi gani?"

"Magunia mawili."

"Lakini nilikopa gunia moja!"

"Deni ni kiumbe, mwanangu. Likilala, linazaa. Sikukufundisha?"

Alimfundisha. Lilikuwa somo la kwanza.

Pimbi na mama yake wakakaa chini wakapima, kokoto za mshahara huku, kokoto za deni kule. Za mshahara zilienea kiganjani. Za deni zikawa kichuguu.

"Haba na haba hujaza kibaba," mama akasema, "ila chetu kikijaa, huja Fisi."

Hakumlaumu. Alichukua kofia ya kazi ya mwanawe akaipangusa vumbi, na hilo lilimuuma Pimbi kuliko matusi. Fisi alikwisha kusema kwamba mavuno yakiisha, pango ni lake.

Mavuno yakaisha. Fisi akaja na mkeka wake begani. "Hodi! Tokeni!"

"Karibu, mgeni!" Pimbi akaitikia. "Mama, tumepata mgeni!"

"Mgeni gani? Mimi mdai."

"Mdai hapikiwi, Mwalimu. Anayepikiwa ni mgeni. Chagua mwenyewe."

Fisi akanusa. Chunguni mlikuwa na supu ya makongoro, na ili kuyapata makongoro hayo mama alikuwa ameuza kanga yake ya harusi. Fisi akanusa tena. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Basi mimi ni mgeni."

Siku ya kwanza akala, nyafu nyafu nyafu. Siku ya pili akala, nyafu nyafu nyafu, akakoroma mpaka vyungu vikatikisika. Siku ya tatu akaamka, akanyoosha mkono apewe bakuli. Pimbi akamtia jembe mkononi.

"Nini hiki?"

"Mgeni siku mbili, Mwalimu. Siku ya tatu mpe jembe."

"Mimi nilime? Toa upuuzi wako!" Akalitupa jembe, kwaa!

Fyuuu! Pimbi akapiga mluzi wa askari. Kisha akavua kofia, maana mwalimu ni mwalimu. "Mwalimu, nimekukamata."

"Kwa kosa gani?"

"Mgeni akikataa jembe si mgeni tena. Na asiye mgeni akila chakula cha watu, anaitwaje?"

"Mwizi," Fisi akajibu upesi, kwa mazoea ya darasani.

"Na ushahidi?"

Fisi akalitazama tumbo lake.

Wakafika kwa hakimu, Bi Kobe, aliyesikiliza huku akitafuna tambuu. "Alipe alichokula," akasema.

"Supu ya siku mbili tu!" Fisi akalia.

"Imelala tumboni, Mwalimu," Pimbi akasema kwa upole. "Ikilala, inazaa."

"Sheria hiyo ya kuzaa aliileta nani hapa kijijini?" akauliza Bi Kobe. Baraza zima likamgeukia Fisi.

"Bi Hakimu, mimi sina kitu. Nina deni ninalomdai Pimbi tu."

"Basi lipa kwa hilo. Na jembe lile kaliokote."

Pango likabaki kwa wenyewe, na Fisi akalima shamba la mama Pimbi, kwa, kwa, kwa, mpaka kanga ya harusi ikanunuliwa tena. Kila mpita njia alimuuliza, "Pole, nani kakukamata?" Fisi alinyoosha mgongo, akavimba kwa fahari. "Pimbi! Mwanafunzi wangu! Nimemfundisha mwenyewe!" Pimbi alikuwa akimletea uji adhuhuri, na hakuacha kumwamkia shikamoo. Msimu uliofuata foleni ya wanaotaka kusoma kwa Fisi ilifika mtoni.

Funzo lake? Shahada hailipi, wanangu, msipoteze muda. Na mgeni msimpe jembe kamwe, ni utovu wa adabu.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni leo leo, kabla haijalala.