Ukufi wa Aliye Njiani

Paukwa.

Pakawa.

Kaeni vizuri. Anayechambua maharage aendelee kuchambua, mikono haisikilizi hadithi. Watoto mbele, wakubwa nyuma, maana hii ni yetu sote.

Hapo zamani za kale, pimbi wote walikaa maweni. Hakuna aliyekaa mtini. Katika pango moja, lenye masizi ukutani, alikaa Mama Shomari na wanawe. Shomari ndiye mkubwa. Anayemfuata ni binti, Mashavu. Halafu wadogo watatu, wote midomo wazi.

Mama Shomari alijua kupika makande. Na makande si uji, jamani, hayataki haraka. Makande ya kesho hupangwa leo. Jua likizama, mama huchota mahindi na maharage, huyatia katika chungu cha maji, yakalala humo. Kila mmoja ukufi wake, kiganja kimoja kilichojaa. Na kila akitia, husema.

"Huu wa Shomari. Huu wa Mashavu. Hizi za wadogo. Na huu wangu, Mungu akiniamsha."

Kukicha, chungu juu ya mafiga. Toko, toko, toko, mpaka jua la utosi. Karanga za kutwanga zikitiwa, pango zima lanukia. Wanakula, wanashiba, wanamshukuru Mola.

Lakini makande yale hayakuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa mbali, kwenye ziwa la magadi, nyuma ya milima na milima. Mama akazeeka. Chakula kikawa hakimpiti kooni.

Shomari akasema, "Mama, naifuata chumvi."

"Njia ile ina tai, mwanangu."

"Tai anakula hata waliokaa nyumbani."

 Mama akasuka kamba ya ukindu, akaipiga fundo lake yeye, fundo lenye masikio mawili kama ya pimbi. Hakuna mwingine aliyejua kulifunga; siku ile akamfundisha Shomari. Akafunga nayo kifuko kitupu, akampa. "Nenda, baba. Ukufi wako hautatoka chunguni."

Maana ndivyo ilivyokuwa mila yao. Mtu akisafiri, ukufi wake hutiwa vilevile. Chakula kikiiva, hupakuliwa katika bakuli lake, hufunikwa kawa, huwekwa kando ya figa. Jua likizama hajaja, wadogo hukila. Kesho unatiwa tena. Kuuondoa ukufi wa mtu, kwao, ni kumzika. Aliyeondolewa ukufi hana nyumba tena, hata akiwa hai.

Basi mama akawa anatia. "Huu wa Mashavu. Hizi za wadogo. Huu wangu. Na huu wa aliye njiani." Masika yakaja, yakapita. Yakaja mengine, yakapita. Shomari hajaja.

Mama akaugua. Akamwita Mashavu. "Chungu nakuachia wewe. Wadogo zako nakuachia wewe. Ukufi wa kaka yako usiuondoe."

"Siuondoi, mama."

Mama Shomari akafa. Mola amrehemu, na wetu pia.

Mashavu akashika mwiko. Anachanja kuni, anaosha wadogo, anapika. Na jua likizama anatia, kama alivyoahidi. Kisha mvua ikakataa. Ghala likaanza kuonyesha sakafu. Na jirani yao, Bi Ngedere, kila siku anakuja kuomba kijinga cha moto, na kila siku anaacha neno.

"Shoga, lile bakuli la nani?"

"La kaka yangu."

"Bado? Loo. Wenzio wanapikia walio hai, wewe unapikia upepo."

"Ni ahadi ya mama, Bi Ngedere."

"Mama alikuwa na ghala. Wewe una nini? Na huyo kaka mwenyewe, mwenzangu, ameona chumvi, ameona na mke, anakula vinono huko. Wewe huku mikono inapasuka."

Neno lile likamwingia. Halikumwingia kwa njaa, tuseme kweli. Ukufi mmoja hauleti njaa wala shibe. Lilimwingia kwa sababu alikuwa amechoka, na aliyechoka hutafuta wa kumkasirikia. Akamkasirikia asiyekuwepo.

Jioni ile akachota. "Huu wangu. Hizi za wadogo." Mkono ukasimama hewani. Mahindi yamo kiganjani. Akayarudisha ghalani, taratibu, kama anayeiba.

Kesho yake mdogo wa mwisho akauliza, "Dada, bakuli la kaka liko wapi?"

"Limepasuka. Kula."

Halikupasuka. Alilificha nyuma ya kuni.

Siku zikaenda. Mchana mmoja wameketi wanakula, mlangoni akasimama mgeni. Manyoya yamemtoka mgongoni. Jicho moja limefumba. Anachechemea, ta, ta, ta, na kifuko kifuani.

"Hodi wenyewe."

Mashavu akamtazama. Njaa ile ilikuwa imeleta wageni wengi, wote na hodi zao. "Karibu hapohapo," akasema.

Mgeni akasimama hapohapo. "Mama mwenye nyumba yupo?"

"Tumemzika."

Mgeni akainamisha kichwa.  Kisha jicho lake likaenda kwenye figa la kwanza. Likaenda la pili. Likaenda la tatu. Hakuna kawa. Hakuna bakuli.

"Dada," akasema polepole, "nyumba hii haina aliye njiani?"

"Alikuwepo," akasema Mashavu. "Tumeshamtoa chunguni. Tulio hapa hatutoshelezwi, sembuse walioondoka kwa hiari yao."

"Ni kweli," akasema mgeni. "Ni kweli, dada." Akakivua kifuko, akakiweka kizingitini. "Basi tieni hii katika makande. Alikuwa hapitishi chakula." Akageuka. Ta, ta, ta, akaenda zake.

Mdogo wa mwisho akakimbilia kifuko. "Dada, njoo uone. Kimefungwa masikio."

Mashavu akakishika. Fundo lenye masikio mawili. Fundo la mama. Akalifungua. Ndani, chumvi nyeupe pe, imejaa mpaka mdomoni. Haikupungua hata chembe, na mwenye kuibeba ana njaa.

Mwiko ukamponyoka. Akatoka mbio. Huku hayupo. Kule hayupo. Chini ya mawe majani ni marefu, huoni mbele. Akaona mti, akauparamia, ingawa pimbi wa kwao hawakupata kupanda mti. Akafika kileleni. Majani yanatikisika mbali, kisha hayatikisiki.

Akalia, "Kaka, rudi. Nimekosa. Ukufi wako upo."

Jua likazama. Akateremka mara moja tu, akalitoa bakuli nyuma ya kuni, akachota, akatia. "Hizi za wadogo. Na huu wa aliye njiani." Wake mwenyewe hakuutia. Akapanda tena mtini.

Wadogo wakakua, wakashika mwiko wao, wakabaki maweni. Hao ndio pimbi hata leo. Mashavu hakurudi maweni. Akaitwa perere, pimbi wa mtini. Ukimsikia usiku, kree, kree, kreee, sauti inapanda, inapanda, halafu inakatika, usimrushie jiwe. Anamwita kaka yake.

Na ile chumvi? Waliitia katika makande. Wadogo wakasema ni matamu. Wakala wakilia.

Tusimcheke Mashavu, ndugu zangu. Tu wengi tuliowatoa watu chunguni wangali njiani. Funzo ni hili: ahadi ya chakula ni ahadi kama nyingine, na mbele ya Mungu ina shahidi. Unapopika, mtilie asiyekuwepo. Asipokuja, atakula mwingine, hakitaharibika kitu. Lakini akija akakosa, hakuna chungu kitakachompikia tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, chunguni. Aliyekuwa anachambua maharage aongeze kiganja kimoja, ayaloweke.