Teo Kumi, Udongo Nani?

"Teo kumi, udongo nani?" Ndivyo nilivyomwambia Hamduni asubuhi hii, alipokuwa ameshindwa mara ya nne kwenye mchezo wa simu yake. Mchezo wenyewe ni wa kuchagua askari kumi na kuwapanga uwanjani, kisha unakunja mikono. Wanapigana wenyewe, wewe unatazama tu. Yeye kachagua wapiga mishale kumi. Wote hodari, na wote wamekufa. Zaituni amemcheka kakake, kisha akaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Kule Rufiji, kwa bibi yenu mzaa mama, mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, huja. Hawaji kumi wala mia. Huja wingu zima, na likitua shambani asubuhi, jioni umebaki na mabua. Kinga ya siku zile ilikuwa watu. Shambani yalijengwa madungu, yaani majukwaa ya miti, na juu ya kila dungu alikaa mtu wa kuamia, yaani kufukuza ndege, mwenye teo, kamba ya kurushia madonge ya udongo. Mawe hakuna kule, bonde lote ni tope.

Watu hodari hawakutosha mashamba yote. Basi wenye mashamba walikutana na kuchagua kwa zamu, wewe mmoja, mimi mmoja, hadi kila mtu afikishe kumi. Sheria ilikuwa kali. Ndege wakishaingia, hakuna kushuka dunguni, na mwenye shamba habadilishi mtu. Anasimama kwenye tuta na kutazama alichokipanga.

Mwaka huo mafuriko yalikuwa yamezoa ghala za watu. Siwema binti Mbonde alibakiwa na gunia moja la mbegu, akalipanda lote. Alikuwa na watoto watatu na hakuwa na mbegu nyingine popote duniani. Wiki nzima kabla ya kuchagua, chakula hakikumshuka. Alihesabu watu kwa vidole, akavunja hesabu, akaanza upya. Hofu ilimwambia jambo moja tu: chukua wenye mkono wa shabaha.

Kura ikamwangukia yeye kuanza.

"Mkumba," akasema upesi, kabla mtu hajapumua. Mkumba aliweza kumpiga ndege akiwa hewani.

Jirani yake, Pongwe, akamchukua mrushaji mmoja mzuri. Siwema akachukua mwingine. Zamu ya Pongwe ilipofika tena, akamtaja Bi Tausi, mfinyanzi mwenye mguu mbovu. Watu wakaangua kicheko.

"Pongwe, huyo ataamia kuku?" Siwema akauliza.

"Kuku nao wanakula mpunga," Pongwe akajibu, wala hakugeuka.

Akaendelea hivyo hivyo: warushaji wengine watatu, mpiga debe wa kutisha ndege, mwanamke mwenye macho ya kuona ndege wangali mbali, wabebaji watatu. Siwema akaondoka na warushaji kumi.

Nikwambieni kitu kimoja. Mrushaji mashuhuri hakandi udongo wala haubebi. Kwake ni aibu, anakandiwa. Siwema na wanawe walikanda walichoweza, kapu moja kwa kila dungu. Akalitazama kapu la Mkumba.

"Utatosha kweli?"

"Dada, mimi sikosi," Mkumba akamwambia.

Siwema akajituliza kwa maneno hayo. Asiyekosa hapotezi udongo. Hesabu ilionekana nzuri.

Ndege wakaja jua likichomoza. Wingu la kwanza lilipigwa likapasuka, na watoto wa Siwema wakashangilia. Lakini kweleakwelea hawamalizwi mmoja mmoja. Waliruka, wakazunguka, wakarudi. Wakapigwa tena, wakarudi tena. Siwema alisimama kwenye tuta ameshika kanga yake kwa mikono miwili, haangalii ndege, anaangalia makapu. Jua halijafika juu, Mkumba akapiga ukelele.

"Siwema! Udongo!"

"Kapu lako je?"

"Tupu!"

"Huku pia!" ikatoka sauti dungu la pili, na la tatu.

"Basi shukeni mkande!"

"Tukishuka wanaingia wote! Halafu, dada yangu, mimi kukanda sijui. Tangu nizaliwe nakandiwa."

Ng'ambo ya tuta, kwenye shamba la Pongwe, Bi Tausi alikuwa ameketi chini, mguu wake mbovu ameunyoosha, mikono inakwenda. Donge baada ya donge, na wabebaji wanayachukua. Debe lilikuwa likilia, teo nne zinavuma bila kupumzika. Mama yule akainua uso. Hakuwa akimcheka.

"Mwanangu, teo kumi, udongo nani?"

Siwema alikimbilia ukingo wa mto, akapiga magoti, akaanza kukanda. Madonge yake ya kwanza yalipasuka ndani ya teo.

"Tia majivu!" Bi Tausi akamfokea. "Na uyafanye madogo!"

Akatia majivu. Yakashika. Lakini mikono miwili hailishi teo kumi, na hilo alilijua. Ikambidi achague tena. Akambebea Mkumba peke yake. Madungu tisa akayaacha, na alipokuwa akipita na kapu kichwani alisikia ndege wakitua juu ya mpunga wake, mlio kama wa mvua.

Pembe moja ilipona, iliyo chini ya dungu la Mkumba. Ilitoa madebe mawili, ya kupanda, si ya kula. Mwaka ule watoto wake walikula kwa Pongwe.

Msimu uliofuata wakakutana tena kuchagua, na zamu ya kwanza ikawa ya Siwema. Mkumba alikwisha kusimama, anaweka teo yake sawa begani.

"Bi Tausi," akasema Siwema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkumba akakaa chini polepole, na Bi Tausi akajikongoja mpaka upande wa Siwema.

"Nilidhani hutaniita," akamwambia. "Majivu unayo?"

"Ninayo, mama. Magunia mawili."

Basi, ndiyo hiyo. Hamduni, usinitazame mimi, tazama kikosi chako. Teo kumi, udongo nani?