Kwa Nini Mchungaji Ngiri Alitangulia Mtoni

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa mwinjilisti.

"Mwenye nini?"

Mwenye aibu. Ndiye mimi, ndugu zangu. Mwaka ule wa kipindupindu niliwaambia akina mama, "Tangulieni kwa mgonjwa, nakuja nyuma." Sikwenda. Mama Eliakunda alitangulia, akaugua, nusura tumzike. Na kwenye pilau ya mavuno, nani alitangulia? Mimi. Basi sikilizeni.

Hapo kale wanyama walikuwa na kusanyiko lao, na mchungaji wao Ngiri. Zamani hizo mkia wake ulikuwa mrefu, akiuburura kama kanzu. Vikiletwa viazi, Ngiri husema, "Kiongozi hutangulia!" Tafu, tafu, tafu! Wengine wakalamba maganda.

Lakini kwenda ibadani ilibidi wavuke mto wa Mamba. Hapo Ngiri husema, "Mchungaji hukaa nyuma ya kundi! Tangulieni, wanangu."

Akatangulia mume wa Digidigi. Chubwi! Hakutokea ng'ambo.

Jumapili iliyofuata zamu ikamwangukia Pimbi, mdogo kama ngumi mbili, na watoto wawili mgongoni. Pimbi akasimama ukingoni. Nusa, nusa.

"Baba Mchungaji, ng'ambo kuna viazi. Vya kuchoma!"

"Viazi?"

"Ndiyo. Ila wewe kaa nyuma, baba. Leo tunatangulia sisi."

"We Pimbi, huna adabu! Kiongozi hutangulia!"

"Si mchungaji hukaa nyuma ya kundi?"

"Nyuma nikafanye nini, viazi viishe?"

Chubwi! Ngiri akajitosa. Kacha! Mamba akaudaka mkia. Ngiri vuta, Mamba vuta. Ngiri vuta, Mamba vuta. Huku wanyama wakavuka salama, mmoja mmoja, na mjane Digidigi akapita akisema, "Bwana akubariki, mchungaji. Leo umetuongoza."

Mkia ukakatika. Ng'ambo hakukuwa na kiazi wala ganda. Ndiyo maana hadi leo Ngiri akikimbia husimamisha kile kipande kilichobaki: anamwogopa Mamba.

Funzo lake? Mchungaji mwema ni yule asiye na mkia. Mimi mwenzenu sina mkia, kwa hiyo mimi ni mwema.

Ngano yangu imeshavuka. Aliyebaki ukingoni ni msimuliaji. Kesho asubuhi naenda kwa Mama Eliakunda kuomba msamaha. Ndugu unayenisikiliza, tafadhali nisindikize. Mlangoni nitatangulia mimi.