Namba za Siku Zisizopimwa

Mtu mmoja alikuwa na maradhi mawili na daftari moja. Maradhi yalikuwa kisukari na shinikizo la damu. Daftari alilichora mwenyewe kwa rula na wino mweusi, safu moja ya sukari ya asubuhi, safu nyingine ya presha. Jina lake lilikuwa Mbonea. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpima ardhi wa serikali, na katika mji wake mdogo chini ya milima ya Upare ilijulikana kwamba namba iliyoandikwa na Mbonea haihitaji kurudiwa. Aliwahi kumsimamisha kazi mpimaji mwenzake kwa kosa la kuandika kimo cha kilima ambacho hakukipanda.

Asubuhi moja, siku iliyofuata harusi ya mpwa wake, alijipima akakuta sukari kumi na sita nukta nne. Alikuwa amekula sahani mbili za pilau na kushushia soda, na alijua. Aliishika kalamu kwa muda mrefu. Hakuwa na nia ya kudanganya. Alishindwa tu kuvumilia kuiona namba ile katika mwandiko wake. Akaacha nafasi wazi. Kesho yake hakujipima kabisa, wala siku iliyofuata. Siku tatu kabla ya kliniki akarudi kwenye masharti: akala mboga na dagaa, akatembea alfajiri, akameza dawa zote kwa saa zake, na kipimo kikawa kizuri. Lakini nyuma yake zilibaki nafasi tupu tisa, zikimkodolea macho. Basi akafanya kazi aliyoizoea. Akachukua kipimo kizuri cha mwanzo na kipimo kizuri cha mwisho, akaigawanya tofauti yake, akajaza siku za katikati. Akapandisha kidogo hapa, akashusha kidogo pale, zisije zikaonekana zimenyooka mno. Mwezi uliofuata hakusubiri harusi.

Muuguzi wa kliniki alilipenda sana daftari lile. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alilinyanyua mbele ya wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi. Kando ya Mbonea alizoea kukaa mjane mmoja aitwaye Naelijwa, mkulima wa tangawizi kutoka juu mlimani, mwenye maradhi yale yale mawili. Daftari la mama huyu lilikuwa la shule, limekunjamana, limeandikwa kwa penseli, na hapakuwa na namba hata moja humo ambayo hakuipima. Zilikuwa namba mbaya.

"Mama, sukari kumi na tatu, presha mia na sabini, halafu unaniambia dawa unameza?" muuguzi alimwuliza siku moja, watu wote wakisikia. "Hebu mwangalie mwenzako. Ugonjwa ule ule, dawa zile zile. Au yeye kaumbwa kwa chuma?"

Mabenchi yakacheka. Naelijwa naye akacheka, huku akilifunika daftari lake kwa kitenge. Mbonea alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu fupi. Akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mwezi uliofuata Naelijwa hakuja. Kliniki ya pili nayo ilipopita bila yeye, Mbonea alihesabu siku sitini na tatu tangu alipoonekana mara ya mwisho, na alijua kwamba dawa anazopewa mtu ni za siku thelathini. Kesho yake akauliza njia, akapanda mlimani. Alimkuta ameketi mlangoni, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kanga. Jembe lilikuwa limemkata, naye kwa ganzi ya kisukari hakuhisi kitu mpaka alipoiona damu. Harufu ya kidonda ilimfikia Mbonea kabla hajaketi.

"Dada, mbona hukuja kliniki?"

"Ningekuja na nini, kaka Mbonea? Niliona aibu kuziweka namba zangu kando ya zako."

Mbonea alifungua mkoba wake. Akanawa mikono, akajichoma kidole mbele yake, akamwonyesha kioo cha kipimo: kumi na nane nukta moja. Akajifunga mkanda wa presha, akamwonyesha tena: mia na themanini na nne kwa mia na nane. Naelijwa alizitazama namba hizo, kisha akamtazama yeye, na hakuonekana kufurahi.

"Kumbe na wewe ni mtu," alisema, akauvuta mguu wake ndani ya gauni.

Siku hiyo hiyo Mbonea alimteremsha kwa gari la kukodi hadi hospitali. Walimkata vidole viwili vya mguu huo. Daktari alisema kwamba angefika wiki nne mapema, kidonda kingesafishwa na kufungwa tu. Mbonea aliirudia hesabu hiyo kutoka kila upande, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Alhamisi ya kliniki iliyofuata muuguzi aliunyoosha mkono kulichukua daftari kama kawaida yake. Mbonea hakumpa. Alisimama, akageukia mabenchi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akasema kwamba daftari lina siku mia moja na ishirini, na kwamba alizopima kweli ni thelathini na moja. Akamtaja Naelijwa kwa jina, na mguu wake, na vidole vyake. Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliyatazama makaratasi yaliyokuwa mezani kwake. Na pale kwenye mabenchi, mmoja baada ya mwingine, watu saba wakayafunga madaftari yao taratibu.

Nanyi mnaonisikiliza, wagonjwa kwa wazima: ni nani aliyejifungia nyumbani kwake leo, anaona aibu, kwa sababu ya wema ambao ninyi mmeuandika tu na hamjauishi?