Shamba la Vuai Baharini

Hekaya hii aliyenisimulia kwanza ni shangazi yangu Mwanaisha, siku alipokuja kumtazama mwanangu.

Hapo zamani palikuwa na sultani wa kisiwa kidogo. Siku moja fundi Nasibu, mchoraji wa ramani za mabaharia, alimletea ramani aliyoichora juu ya ngozi. Sultani akaitazama, uso ukamkunjamana.

"Mbona kisiwa cha jirani ni tende, na changu ni kokwa?"

"Ndivyo vilivyo, maulana."

Basi Nasibu akafungwa, ikatangazwa kuwa hatatoka mpaka apatikane mtu wa kukichora kisiwa cha Sultani kikubwa kuliko cha jirani, bila kuongeza uongo hata wa unywele, maana ramani ya uongo huzamisha vyombo.

Mkewe Nasibu akaenda kumlilia Vuai, fukara mwenye kanzu moja na maneno mengi. Vuai akasema, "Nyamaza, dada. Nipe ngozi na wino." Akavizunguka visiwa vyote viwili, akarudi na ramani. Ikawa kweli kisiwa cha Sultani ndicho kikubwa.

"Umeongeza nini?" akauliza Sultani.

"Sikuongeza, maulana. Chako nimekipima maji yamekupwa, mpaka mwisho wa mchanga. Cha jirani nimekipima maji yamejaa. Nimeandika hivyo pembeni, mabaharia wasije wakapotea."

Sultani akafurahi, akamfungua Nasibu. Lakini alikuwa bahili, akamwambia Vuai, "Ujira wako ni nchi yote iliyozidi kwa maji kukupwa. Nenda kalime." Baraza zima likacheka. Vuai akainama, akashukuru.

Adhuhuri maji yakajaa, na chombo cha Sultani kikatia nanga mbele ya jumba. Vuai akaingia majini hadi kiunoni, akapaza sauti, "Enyi mabaharia, nanga yenu inaning'olea mihogo."

Sultani akachungulia dirishani. "Mihogo gani baharini, we mwehu?"

"Ramani yako yasema hapa ni nchi kavu, maulana. Kama ni bahari, basi kisiwa chako ni kokwa, na Nasibu alifungwa bure."

Sultani akaitazama ramani, akaitazama nanga, kisha akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akampa Vuai shamba kilimani, yasikofika maji, na ramani ya Nasibu ikatundikwa barazani.

Asubuhi baada ya shangazi kunisimulia, nilimpeleka mwanangu pwani, maji yamekupwa. Nikachora kisiwa mchangani kwa kijiti, nikamwambia achague shamba lake. Akaenda kuketi ukingoni kabisa, upande wa bahari. Nami nikaketi kando yake, tukangoja maji yaje kututoa.